Mashine Iliyokohoa

Alhamisi ya nne mfululizo, Sajenti Nzau alimkuta yule mama ameketi kwenye benchi nje ya ofisi yake mjini Thika, kiondo magotini, pasi ya kutoka kijijini imekunjwa ndani ya kiganja. Jina lake lilikuwa Wamboi. Pasi ilimruhusu kuja sokoni na kurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, lakini sokoni hakuwa anafika. Alikuwa akikaa pale benchini mpaka jua lielekee magharibi, kisha anajifunga leso kichwani na kurudi alikotoka.

"Mama, hata leo?"

"Hata leo, Afande. Swali ni lile lile. Idah alisema nini?"

Idah Ngendo alikuwa bintiye, mtumishi wa ndani katika nyumba ya Mzungu mwenye shamba la kahawa huko Ruiru. Mwezi wa nne wa mwaka ule wa 1956, pete ya memsahib, mke wa Mzungu yule, ilipotea, Idah akashikwa, akatoa maelezo. Kwa maelezo hayo polisi wakaenda kumtafuta kaka yake, Gachanja, kibarua wa kiwandani Thika. Siku zile za Hali ya Hatari, kijana wa Kikuyu akisikia anaitwa na polisi hakungoja kuuliza kosa lake. Gachanja alikimbia, akajitosa katika mto Ndarugu uliokuwa umefurika kwa masika, na mwili wake ukaonekana siku ya tatu. Idah aliipata habari hiyo akiwa mahabusu. Tangu siku ile hakufungua kinywa tena, hata mbele ya hakimu, na hakimu akakihesabu kimya kile kuwa kukiri. Akafungwa miaka miwili, na faili likafungwa pamoja naye.

Koplo aliyeyaandika maelezo yale, kwa mwandiko safi na Kiswahili kisicho na doa, alikuwa Nzau mwenyewe. Tepe ya tatu, ile ya usajenti, aliipata mwezi wa sita.

Kiswahili hicho kilikuwa fahari yake. Baba yake, Mkamba wa Makindu, alikuwa fundi wa reli Mombasa, na Nzau akakulia huko, akacheza na watoto wa mji, akarudi bara na ulimi wa pwani. Bara ikamtesa masikio. Alisahihisha makarani, akasahihisha mahabusu, na inasemekana aliwahi kumsahihisha mwizi aliyekuwa akimwomba msamaha. Wenzake walimcheka chinichini, lakini maelezo yenye uzito wakampa yeye aandike.

"Faili limefungwa, mama," alisema. "Utalifanyia nini neno la zamani?"

Wamboi alikunja pasi yake mara nyingine. "Kijijini wanasema Idah alimuuza Gachanja. Mimi mwenyewe nimesema hivyo. Sijaenda kumwona huko jela hata siku moja. Nilizaa watoto wawili, Afande. Nataka kujua kama nimebaki na mmoja ama sina hata mmoja."

Nzau alikuwa na watoto watatu. Akaingia ndani, akatoka na faili, akasoma pale pale mlangoni kwa sauti ya chini: "'Ndugu ndiye aliyekula pete ya memsahib. Mimi sikuichukua.'"

Alingoja kilio. Hakikuja. Wamboi alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza wimbo ulioharibiwa.

"Ndugu gani?"

"Gachanja. Si ndiye ndugu yake wa pekee?"

"Idah hamwiti ndugu. Hajawahi. Gachanja alichukua jina la baba ya bwana yangu, na kwetu mtoto wa jina la mzee anaitwa kama mzee. Idah alimwita Guka, yaani babu, tangu ajue kuongea. Akimpenda ni Guka, akimkasirikia ni Guka. Siku moja alimpiga na mwiko akisema, 'Guka, hiyo nyama si yako.'"

"Mbele ya polisi mtu hujitahidi kusema Kiswahili."

"Angesema Guka," Wamboi alirudia. "Na wewe ungeuliza, Guka ni nani."

Hapo mpelelezi kama Nzau huwa na mambo mawili tu ya kufanya: kufunga mlango au kuchukua kofia. Alichukua kofia. Akatoa pia sarakani kijitabu chake cha penseli cha mwezi wa nne, ambamo aliorodhesha vyumba na watu wa nyumba ile. Ukurasa wa maelezo ya Idah hakuufungua. Alikwisha kuunakili kwa wino, na alijiamini.

Kufikia saa tano alikuwa Ruiru. Nyumba ilikuwa tupu. Memsahib na bwana wake walipanda meli mwezi wa nane kurudi kwao, na aliyebaki kulinda kuta alikuwa Gerishon, mpishi, mzee mfupi mwenye nyusi nzito. Nje ya jiko palisimama baiskeli nyeusi inayong'aa.

"Baiskeli hii ya nani?"

"Yangu, Afande."

"Mpishi asiye na wa kumpikia amenunua baiskeli mpya?"

Gerishon aliingia ndani, akarudi na mkebe wa majani ya chai, na ndani ya mkebe mlikuwa na barua. Memsahib alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba baiskeli ni zawadi kwa miaka kumi na mmoja ya kazi jikoni. Nzau aliisoma mara mbili, akaitazama sahihi, akamrudishia. Njia hiyo haikuwa na kitu mbele yake.

"Siku ya pete, nani alikuwa ndani?"

"Memsahib alikuwa bafuni. Pete aliacha juu ya meza ya kioo. Idah alikuwa chumbani, anasafisha na ile fagio ya stima."

"Ufagio," alisema Nzau. "Ufagio wa stima."

"Haya, ufagio. Mimi nilikuwa hapa nakaanga vitunguu. Nasikia inanguruma huko. Halafu ikakohoa."

"Ikakohoa?"

"Kama mzee wa tumbako. Mara moja tu. Kisha kimya. Kidogo, Idah akakuja hapa mbio, ananiomba bisibisi."

Nzau aliacha kuandika. "Ulimpa?"

"Sikumpa. Memsahib alikuwa amekataza sisi kufungua kitu yoyote ya fundi."

"Kitu chochote."

"Kitu chochote. Nikamwambia aende aseme kwa memsahib. Kufika huko, memsahib ametoka bafu na tayari anapiga kelele, pete yangu, pete yangu. Hapo tena nani angesikia mtumishi?"

"Mbona haya hayamo katika maelezo yako?"

Gerishon alimtazama bila chuki, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hakuna mtu aliniuliza, Afande. Nyinyi mliniuliza Gachanja anakuja hapa mara ngapi. Nikasema kila Jumapili, analetea dada yake ndizi na kumsindikiza nyumbani. Mkaandika hiyo, mkaenda."

Nzau alisimama katika chumba kitupu cha memsahib na kupiga hesabu zake. Atafutaye bisibisi ana kitu anataka kukifungua. Juu ya zulia hapakuwa na cha kufungua ila meza ya kioo, na kwa mujibu wa kijitabu chake meza ile ilikuwa na saraka tatu. Pete ndogo inaweza kuteleza nyuma ya saraka. Na msichana mwoga anaweza kuiona ikiteleza. Au msichana mjanja anaweza kuisukuma. Hesabu zote mbili zilimpeleka mahali pamoja.

"Meza ya kioo iko wapi?"

"Vitu vyote vilinunuliwa na Mhindi wa Thika. Navnit, mtoto ya Ramniklal. Duka yake iko nyuma ya soko."

Nzau alifungua mdomo kusahihisha, akaona saa inakwenda, akaacha.

Saa tisa alasiri alikuwa amerudi Thika. Alipopita mbele ya ofisi, Wamboi aliinuka benchini bila kuitwa akamfuata, hatua kumi nyuma. Nzau hakumfukuza.

Duka la Navnit lilikuwa ghala la maisha ya Wazungu waliokata tamaa na nchi: vitanda vya shaba, mabeseni, vinyago vya farasi, picha za watu wasiojulikana tena na mtu. Navnit mwenyewe alikuwa kijana mnene mwenye kalamu sikioni, na hakuwahi kuona kitu kisichouzika. Alipoona tepe alisimama.

"Karibu, Sajenti. Chai?"

"Meza ya kioo kutoka Ruiru. Na bisibisi."

Nzau alitoa saraka zote tatu. Akafungua ubao wa nyuma, skrubu moja baada ya nyingine, akazipanga sakafuni zisipotee. Akapapasa ndani kwa kidole, akapiga magoti, akaangaza kwa tochi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Sajenti aliinama mpaka shavu likagusa saruji. Alipata vibanio viwili vya nywele, jino la kitana na kidonge cha kufukuzia nondo. Pete haikuwepo.

"Kama mtu nakwenda kusali," Navnit alisema kwa huruma.

Wamboi alikuwa amesimama mlangoni, kwa maana hakualikwa ndani. Alikuwa akitazama pembeni, nyuma ya mabeseni, ambapo mashine moja ya kijani ilikaa sakafuni juu ya vyuma viwili vilivyopinda. Mgongo wake ulikuwa wa mviringo na unang'aa kama wa kombamwiko. Kutoka mdomoni ulitoka mpira mrefu mweusi wenye pingili, na mwishoni mwa mpira kulikuwa na bomba la chuma.

"Kumbe hii ndio ile ndudu?" aliuliza.

"Si ndudu, mama," Nzau alisema bila kugeuka, angali anajipangusa magoti. "Sema du—"

Neno halikuisha. Navnit alidhani Sajenti ameumwa na kitu, jinsi alivyosimama na mkono hewani.

"Umeiita nini, mama?"

"Ndudu. Idah ndio alikuwa anaita hivyo. Jumapili akikuja nyumbani anatuchekesha. 'Memsahib ako na ndudu ya kukura taka. Inakura nywele, inakura majani, siku moja itanikura mimi.' Yeye na Guka walicheka mpaka chai ikamwagika."

Nzau akatoa kijitabu. Ukurasa wa maelezo ya Idah ulikuwa wa penseli, na kwenye mstari wa tatu palikuwa na mahali pamefutwa kwa raba. Akaenda nao kwenye mwanga wa mlango, akauinamisha. Alama ya kwanza ilikuwa imezama kwenye karatasi, na raba haikuweza kuiondoa. *Ndudu ndio irikura.*

Akaikumbuka siku ile yote. Msichana analia, kamasi zinamtoka, anarudia maneno yale yale, ndudu ndio irikura, ndudu ndio irikura. Na yeye, koplo wa Mombasa, anawaza kwamba watu hawa watajifunza lini kusema. Alifuta d akaweka g. Na kwa kuwa ndugu ni mtu, wala si kitu, akatoa irikura akaweka aliyekula. Alifuata sarufi mpaka mwisho, na sarufi ikaenda mpaka Ndarugu.

"Navnit," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "mashine hii umeifungua?"

"Hapana. Mfuko tu nimemwaga taka. Nyingine bado."

"Nataka kuifungua."

"Veve iko karatasi ya korti?"

Hakuwa nayo. Faili lilikuwa limefungwa, na hakuna hakimu angempa hati kwa ajili ya herufi moja.

"Basi nunua kwanza," Navnit alisema. "Ukiharibu kitu yako mwenyewe, mimi hakuna neno. Shilingi themanini. Mashine kama hii hapana nyingine Thika mzima. Iko kazi mbili: mpira ukitia mbele, navuta. Ukitia nyuma, napuliza. Zamani memsahib alikausha nywele na hii; tangu mwezi ya nne hapana washa tena."

Nzau alilipa pale pale bila kubishana. Navnit, ambaye alikuwa amejitayarisha kwa mabishano marefu na alikuwa ameshaagiza chai, alionekana kama mtu aliyenyimwa haki yake.

"Kwanza tuone ikivuta," Nzau alisema. "Utakuwa shahidi. Angalia vizuri."

Navnit akatia mpira mbele, akachomeka waya ukutani, akabonyeza. Mashine ikanguruma, duka zima likatetemeka, Wamboi akarudi hatua moja. Nzau akamwaga kiganja cha makapi sakafuni akapitisha bomba juu yake. Makapi yakasogea kidogo, kwa uvivu, yakatulia. Akajaribu tena. Ilivuta kama mzee anayenyonya mua bila meno.

"Wallah, mimi hapana jua iko hivi!" Navnit alilalamika. "Nguvu iko, sikiza!"

"Nguvu ipo. Koo limeziba."

Aliizima. Akaomba shuka jeupe, akalitandaza sakafuni, akauchomoa mpira mbele, akautia nyuma ya mashine, mahali pa kupulizia. Akamwambia Navnit ashike bomba juu ya shuka, asilitikise. Kisha akabonyeza mwenyewe.

Mashine ikanguruma. Hakikutoka kitu. Mpira ukavimba, ukajinyoosha, pingili zikalia. Kisha mashine ikakohoa. Mara moja tu, kama Gerishon alivyosema. Shukani likaanguka bonge la vumbi la kijivu, limesokotana na nywele za rangi ya mahindi, na majani mawili makavu ya kahawa. Na katikati ya bonge lile kitu kikagonga saruji iliyo chini ya shuka, kikalia kidogo, kama kijiko cha mtoto.

Nzau alichambua nywele kwa ncha ya bisibisi. Pete ilikuwa ya dhahabu nyembamba, na mawe matatu ya buluu, kama ilivyoandikwa katika faili.

Navnit aliandika na kutia sahihi kwa kalamu ya sikioni: saa, mahali, alichokiona. Aliyasoma tena kabla ya kuirudisha kalamu sikioni, maana sasa alikuwa ameanza kuelewa.

"Mama," Nzau alisema. "Idah hakusema ndugu. Alisema ndudu. Mashine ndiyo iliyoimeza pete, naye akaomba bisibisi aifungue airudishe. Hakumtaja Gachanja."

"Hakumtaja."

"Hakumtaja kabisa."

Wamboi aliketi chini kwenye kizingiti, miguu imenyooka mbele, akalia. Alimlilia wa mtoni, na alimlilia wa jela ambaye kwa miezi sita alikuwa amemfuta moyoni. "Mimi nilimlaani," alisema. "Mtoto yangu. Nilimlaani mbele ya watu." Navnit alizima taa ya dirishani na kugeuza kibao cha mlangoni, asiingie mteja.

Wamboi alipomaliza kulia, alijipangusa uso kwa leso, akauliza jambo ambalo Nzau alijua linakuja.

"Nani aliandika ndugu?"

Neno karani lilikuwa tayari mdomoni mwa Nzau. Lilikuwa neno jepesi, na hakuna ambaye angelifuatilia.

"Ni mimi, mama. Nilidhani hajui Kiswahili. Nikamsahihisha."

Wamboi alizitazama zile tepe tatu, moja moja. Kisha akatazama uso wake.

"Ulimsahihisha."

"Ndiyo."

"Na Guka? Guka utamsahihisha vipi?"

Nzau alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane na hakuwahi kukosa neno kwa Kiswahili. Alisimama pale kati ya mabeseni na vitanda vya watu, akalikosa. Machozi yalimjia, akayaacha yashuke, na Navnit akatazama pembeni kwa heshima.

Nje kivuli cha mnara wa soko kilikuwa kimeanza kurefuka. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu tu ya pasi.

"Faili nitalifungua mimi," alisema mwishowe. "Nitasema yote, na la kwangu pia. Tepe watazichukua, wazichukue. Kesho nitakuja mwenyewe na pasi yako nikupeleke kwa Idah."

"Kesho ni kesho," Wamboi alisema. "Sasa toa penseli. Andika vile nasema. Usiweke neno yako hata moja."

Nzau akaketi kwenye kiti cha memsahib, kijitabu gotini.

"Mimi ni Wamboi, mama ya Idah na Gachanja. Idah hakuuza mtu." Akangoja penseli imfikie. "Guka hakukura kitu."

Penseli ikasimama. Mkono wa Nzau ulijua la kufanya na ile herufi r. Ulikuwa umelifanya tangu shuleni. Lakini alikuwa ameishi kwa Wakikuyu miaka ya kutosha kujua kwamba kwao kukura ni kuzeeka, na Gachanja, aliyeitwa Guka kwa jina la mzee, alizama akiwa na miaka ishirini na miwili.

"Umeandika?"

"Naandika, mama."

"Soma."

Akasoma: "'Guka hakukura kitu.'" Aliitamka kama alivyoitamka Wamboi, pamoja na r yake.

"Ni hivyo," Wamboi alisema, akanyoosha kidole gumba atie alama yake.